Mguu wa Wifi

Mama Plasta aliingia kazini siku hiyo akiwa amechoka tayari, kabla hajamgusa mgonjwa hata mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na zaidi ya nusu ya hiyo alikuwa ameitumia katika chumba kimoja cha hospitali akiwafunga plasta watu waliovunjika. Chumba chenyewe kilikuwa na sinki mbili, ndoo tatu, kitanda kirefu kilichofunikwa mpira mweusi, na vumbi jeupe lisiloisha hata lipigwe deki mara ngapi. Magoti yalimlalamikia kila alipoinama, mgongo kila alipoinuka. Wenzake wawili walikuwa wamestaafu na hakuna aliyeletwa badala yao. Kila alipolisema hilo kwa wakubwa aliambiwa linashughulikiwa, na kwa jinsi lilivyoshughulikiwa miaka mitatu mfululizo, bila shaka nalo lilikuwa limechoka.

Kwamba alikuwa hodari, hakuna aliyebisha. Plasta yake ilikuwa laini kama ganda la yai. Madaktari wa mifupa waliokuja na kuondoka walijifunza mapema kumwandikia maneno machache tu, maana mengine aliyajua kuliko wao. Na lililo kubwa kuliko yote aliyoyajua lilikuwa jambo dogo: mguu uliovunjika leo utavimba, na plasta haitavimba. Mguu ukikosa nafasi hujibana wenyewe kwa ndani, damu ikashindwa kupita, misuli ikaanza kufa huku mwenye mguu yuko macho anazungumza nawe. Ndiyo maana plasta ya mguu uliovunjika karibuni hupasuliwa palepale kwa msumeno, kutoka juu hadi chini, pamoja na pamba ya ndani, mpaka ngozi ionekane, kisha ikazungushiwa bandeji. Ikishapasuliwa hivyo inakuwa na sura mbaya, lakini mguu unasalimika. Hayo aliyaandika kwa mkono wake kwenye kadi iliyobandikwa juu ya sinki, na alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi kiasi cha kuwasahau majina.

Saa mbili na nusu asubuhi machela iliingia, na juu yake alikuwa wifi yake.

Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mkubwa kwake kwa miaka minne, mwalimu wa udereva. Wengi walimjua kwa jina la Mwalimu Breki, kwa sababu gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake wa kulia haukuwahi kuwa mbali na breki hiyo kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa na mume wala mtoto, wala hakuwa mtu wa kutembeleana. Alikuwa na chumba na sebule ghorofa ya pili, gari lile, na mguu ule. Mguu ukienda, vingine vyote vingeufuata, na hilo wote wawili walilijua bila kuambiana.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, kama si mtu kuumia. Mwanafunzi wake wa asubuhi, baba mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameshuka aone kama ameegesha sawasawa, akasahau breki ya mkono. Wifi alikuwa amesimama nyuma, akipima kwa macho nafasi iliyobaki hadi ukutani. Gari likarudi nyuma taratibu, bila haraka yoyote, likaubana mguu wake ule wa kulia kati ya bampa na ukuta. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu breki ya mkono, breki ya mkono, mpaka walimwiga wakiwa majumbani kwao.

"Pole, wifi," Mama Plasta alisema.

"Nimeshapoa." Uso ulikuwa umekauka, midomo imepauka, lakini shingo ilikuwa imesimama wima kama ya mtu aliyekuja kukagua. "Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Nikaona leo nipite nione unavyofanya."

Hapa lazima ielezwe jinsi hawa wawili walivyoishi. Hawakuwahi kugombana, na pengine hilo ndilo lililowaharibia. Siku ya kwanza wifi kuingia nyumbani kwa kaka yake baada ya harusi, alipitisha kidole kwenye mshono wa pazia ambalo bibi harusi alilishona mwenyewe, akasema, "Umejitahidi." Alisema hivyo hivyo kuhusu chakula. Alisema hivyo mtoto wa kwanza alipofaulu shule, na hata siku mumewe Mama Plasta alipozikwa, wageni walipokuwa wakiondoka, alimshika mkono mjane akamwambia, "Umejitahidi, wifi." Si tusi. Ukimsimulia mtu atakuuliza tatizo liko wapi. Lakini ukiambiwa umejitahidi kwa miaka thelathini, unaanza kujiona kama mwanafunzi anayerudia darasa.

Daktari wa mifupa alileta picha. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na kalamu isiyoandika mpaka aitikise. Mifupa yote miwili chini ya goti ilikuwa imevunjika, ngozi haikuchanika, na ncha zake zilikaa karibu mahali pake. Walimchoma sindano ya usingizi kidogo, wakaunyoosha mguu, daktari akaridhika. Kwenye faili aliandika maneno mawili, "Plasta ndefu," akakimbilia wodini. Hakuandika ipasuliwe. Kwa nini aandike? Ilikuwa kama kumwandikia mpishi kwamba moto uwashwe.

Mama Plasta alifunga pamba, akalowesha bandeji za plasta kwenye maji vuguvugu, akaanza kuzungusha kutoka vidoleni hadi pajani. Wifi alizinduka kabla hajamaliza. Kitu cha kwanza alichokiona ni baba mmoja aliyekuwa kwenye benchi mlangoni akingoja kiti cha magurudumu, plasta yake imepasuliwa tangu jana na kufungwa bandeji iliyolegea.

"Ile ya yule bwana imevunjika?" aliuliza.

"Imepasuliwa, wifi. Ili uvimbe upate nafasi."

"Ahaa." Aliitazama kidogo. "Nikafikiri mnatoa na za mitumba."

Mama Plasta alijibu kwa mikono. Ilichukua maji, ikapita juu ya ile plasta ikiisugua, ikairudia, ikaizungusha kisiginoni mpaka hapakuonekana mahali bandeji moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Alikunja ukingo wa juu kama pindo la gauni. Alitumia dakika kumi zaidi ya zile anazowapa watu wengine, na foleni nje ilikuwa ndefu. Alijua anachokifanya na hakujizuia.

Wifi aliinua kichwa, akaitazama kazi ile kutoka juu hadi chini. Alinyoosha mkono, akaigusa gotini.

"Nzuri," alisema.

Hilo tu. Mama Plasta alikuwa ameshachukua msumeno. Alikuwa ameshauchomeka kwenye umeme na kidole kiko kwenye swichi. Alisimama hivyo, mwanamke wa miaka hamsini na saba, moyo unamdunda kama wa msichana aliyesifiwa na mwalimu mbele ya darasa, na akahisi kwamba akiipasua ile plasta sasa, atakuwa analipasua lile neno lenyewe. Akajiambia kwamba haijakauka vizuri. Akajiambia ataipasua mchana. Alijua kabisa kwamba kukauka si hoja, maana plasta aina ile hupasuliwa baada ya robo saa. Akauchomoa msumeno, akauweka chini.

"Wapeleke wodini," alimwambia msukuma machela, ingawa mgonjwa alikuwa mmoja. Ulimi nao ulikuwa umechoka.

Saa sita mchana alipanda ngazi kwenda wodi ya wanawake. Hakuuchukua msumeno, maana alikuwa anakwenda kuangalia tu, ndivyo alivyojiambia. Wifi alikuwa amelala chali, shuka limevutwa mpaka kidevuni, macho darini. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mguu wake umefungiwa kamba yenye mawe ya uzito, na kwa kuwa hakuweza kwenda popote alikuwa amejipa kazi ya kufuatilia mambo ya wodi nzima.

"Wifi, unaendeleaje? Unaumwa?"

"Sijambo."

"Sana sana au kidogo?"

"Nimesema sijambo."

"Chezesha vidole."

Vidole vilivyochungulia kwenye plasta vikacheza kidogo. Muuguzi aliyepita na sinia alisema kwamba mama huyu amekataa sindano ya maumivu, amesema wapewe wanaohitaji. Alisema kwa kumsifu. Wodini mgonjwa asiyeita hupendwa kuliko wote.

Sasa, kuna jambo ambalo Mama Plasta alimfanyia kila mgonjwa wa mguu, tajiri kwa maskini. Vidole kucheza havitoshi. Mtu akijikaza kisabuni anaweza kuvichezesha hata mambo yameharibika. Unashika kile kidole gumba cha mguu wewe mwenyewe, unakikunja taratibu kwenda juu, kisha kwenda chini. Misuli iliyobanwa ikivutwa hivyo, hakuna ujasiri unaoweza kuyaficha maumivu yake. Alinyoosha mkono kufanya hivyo. Wifi akamtazama. Yalikuwa macho yale yale ya siku ya pazia, na Mama Plasta akauona mkono wake mwenyewe hewani, umejaa chokaa kwenye kucha, ukitaka kuushika unyayo wa mtu ambaye hawakuwahi hata kukumbatiana naye. Aliona haya. Na ndani kabisa, chini ya haya, aliogopa jibu. Akaurudisha mkono, akavuta shuka likae vizuri.

"Nitarudi baadaye tuipasue kidogo," alisema.

"Ikibidi," wifi alijibu.

Baadaye haikuja. Saa saba lori lililobeba wafanyakazi wa ujenzi lilipinduka, wakaletwa watu saba kwa mpigo, na chumba cha plasta kikawa soko. Mikono, vifundo, paja moja. Kila plasta ya mguu iliyofungwa mchana ule ilipasuliwa palepale, bila kuulizwa mtu anapenda sura gani. Mara mbili, maji yakiwa yanamchuruzika hadi viwikoni, Mama Plasta alikumbuka ghorofani, na mara mbili mtu mwingine akasukumwa mlangoni. Saa kumi na robo alivua aproni. Miguu ilikuwa imevimba kwenye viatu. Alitamani kwenda moja kwa moja nyumbani, akaoge, akalale na nguo zake, na atakayesema kwamba yeye asingetamani hivyo hajawahi kusimama siku nzima. Alikuwa ameshafika getini. Akasimama pale, mkoba begani, akihesabu ngazi kichwani. Zilikuwa thelathini na nane. Akageuka.

Bibi wa nyonga alimwona kwanza, akampungia aje karibu.

"Huyo ni ndugu yako?" alinong'ona.

"Wifi yangu."

"Basi wifi yako anatafuna shuka. Tangu mchana. Nikimwuliza ananiambia nilale. Nimewaambia hawa wenye masinia, wameniambia mbona yeye halalamiki."

Mama Plasta aliufunua mguu. Vidole vilikuwa vimejaa na kung'aa. Pembe ya shuka mkononi mwa wifi ilikuwa imelowa na kuchanika. Safari hii hakuuliza kitu. Alikishika kidole gumba, akakikunja kidogo tu, chini ya upana wa ukucha.

Wifi akalia. Haikuwa sauti ya kuomba msaada, wala haikuwa ya mtu ambaye Mama Plasta alimjua.

"Leteni msumeno," alisema Mama Plasta. "Na mwiteni daktari. Mwambieni aache kila kitu."

Aliipasua plasta mwenyewe, akiwa bado na mkoba begani. Msumeno ulilia, vumbi likaruka kwenye shuka, na ile kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya ikafunguka pande mbili. Akakata pamba, akakata mpaka uzi wa mwisho. Mguu uliokuwa ndani ulikuwa umekakamaa kama ubao, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Aliushusha kutoka kwenye mito ili damu isipate taabu ya kupanda. Akaugusa pale kati ya kidole gumba na cha pili.

"Unasikia?"

"Hapana," wifi alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Hapo pamekufa ganzi."

"Tangu saa ngapi?"

Wifi alifumba macho. "Ulipokuja kuniuliza, palikuwa pameshaanza."

Daktari alifika anakimbia, akaubonyeza mguu mara moja, akasema mgonjwa aende chumba cha upasuaji sasa hivi, tena mbebeni mikononi kama machela hakuna. Wakati wanamsukuma, daktari aliziona pande mbili za plasta sakafuni. Zilikuwa safi, zimekatwa sasa hivi tu, bila alama ya kupasuliwa asubuhi. Alimtazama Mama Plasta, kisha akaifuata machela mbio.

Waliupasua mguu pande zote mbili, ngozi na ule utando mgumu unaoifunga misuli, ili vyote vipumue. Mama Plasta alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Hakuomba, maana hakujua aanzie wapi. Aliwaza jambo moja tu, kwamba alikuwa amelijua. Si kwamba alisahau, si kwamba alichelewa, alilijua na msumeno uko mkononi.

Daktari alitoka jioni, kofia ya kitambaa bado kichwani, akakaa kiti cha pili.

"Mguu umebaki," alisema. "Misuli mingi imerudi rangi. Ya mbele, ile inayoinua unyayo, sehemu yake kubwa ilikuwa imeshakuwa ya kijivu. Nimeitoa. Kilichobaki sijui kitafanya nini. Tungoje." Alisugua macho. "Mama, kosa ni langu. Niliandika plasta ndefu, sikuandika ipasuliwe. Nitaeleza hivyo."

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Kijana alikuwa anausema ukweli, kwa kiasi chake. Hakuwa ameandika. Mama Plasta angeweza kuitikia kwa kichwa tu, wala asiseme neno, akabaki miaka mitatu akastaafu na jina lake. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo ulionekana kama kazi ndogo.

"Hukuandika kwa sababu hujawahi kuniandikia," alisema. "Niliiacha makusudi. Nilitaka ibaki nzuri. Andika hivyo."

"Makusudi?"

"Andika tu, Daktari."

Aliandika. Baada ya wiki mbili ilikuja barua ya onyo, na kikao cha watu watano waliomwuliza mambo ambayo yeye ndiye aliyewafundisha wawili kati yao. Hawakumwondoa, maana wangemwondoa, nani angefunga plasta? Siku iliyofuata alikuwa kwenye ndoo zake kama kawaida, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Zilifuata wiki ndefu. Mguu wa wifi ulishikiliwa na vyuma vilivyotokeza nje, majeraha yakawa yanaoshwa kila siku mbili, halafu wakachukua ngozi ya paja kuyafunika. Mama Plasta alipanda zile ngazi kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada yake. Alimletea maji ya kuoga, akamfulia, akamchana nywele. Walizungumza habari za hali ya hewa, muuguzi gani ana mkono mwepesi, na bibi wa nyonga ambaye alisharuhusiwa kwenda nyumbani, wodi ikapoa. Kuhusu plasta hawakusema lolote. Wifi aliendelea kuwa hajambo.

Wiki ya kumi na moja, vyuma vilipotolewa, wifi aliletwa chini kwenye chumba cha plasta kwa kiti cha magurudumu. Mfupa ulikuwa umeshika. Daktari alipiga goti moja mbele yake, akaweka kiganja chini ya unyayo.

"Kanyaga, Mama. Sukuma mkono wangu."

Unyayo ulisukuma kwa nguvu mpaka kiwiko cha daktari kikarudi nyuma.

"Vizuri. Sasa inua. Vuta vidole vije kwako."

Wifi aliutazama mguu kwa namna aliyozoea kuwatazama wanafunzi waliozima gari katikati ya barabara. Alikunja paji la uso. Mshipa ulimtoka shingoni. Mama Plasta, aliyekuwa kando ya sinki, alijikuta anakunja vidole vyake mwenyewe ndani ya viatu. Unyayo ulining'inia.

"Tena," daktari alisema.

Ulining'inia. Alimwambia jaribu tena, na tena, kisha akaacha kumwambia. Alieleza kwa upole kwamba miezi mitatu karibu imekwisha, na kwamba misuli iliyotolewa haioti upya. Atatembea. Atahitaji kitu cha kuushikilia unyayo usiburute, na Mama hapa atamtengenezea cha kuanzia. Kisha akaitwa kwingine, akaenda, na hakuficha kwamba amefurahi kuitwa.

Walibaki wawili. Nje foleni ilikuwa inakohoa.

"Breki naweza kuikanyaga," wifi alisema. "Kuiachia ndiyo siwezi."

Mama Plasta alivuta kile kigoda cha kufungia plasta, akakaa, nyuso zao zikawa sawa.

"Wifi, si kwa sababu ya gari. Ni kwa sababu yangu. Nilikuwa na msumeno mkononi. Ukasema nzuri, nikauweka chini. Miaka thelathini nilikuwa nangoja useme hivyo. Mguu wako umeharibika kwa sababu nilitaka unisifu."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa wiki kumi na moja, na yalipotoka yalikuwa machache na hayakumpunguzia kitu.

"Najua," wifi alisema. "Nilikuona ukiuweka."

"Hukuuliza."

"Niulize nini? Ilikuwa imependeza." Alilaza mikono juu ya mapaja. "Na wewe saa sita ulikuja ukaniuliza. Nilikuwa siioni hata sura yako kwa maumivu. Nikasema sijambo."

"Kwa nini, wifi?"

"Ningemwambia muuguzi, angekuita wewe. Ningemwambia daktari, angekuita wewe. Wewe, mke wa kaka yangu, unione nalia? Nikasema nitakufa nayo." Alitazama ule unyayo ulioning'inia. "Wewe ulikuwa unanionyesha unajua kazi. Mimi nikakuonyesha kwamba siumwi. Basi, tumeonyeshana."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. Mama Plasta alilia. Alilia akiwa amekaa wima, mikono yake yenye chokaa imeachwa magotini kwa sababu asingeweza kujifuta nayo, machozi yakishuka yanavyotaka. Wifi hakumwambia pole. Alimwacha alie, akingoja, mpaka alipomaliza.

Kisha kazi, maana foleni haijui vilio. Mama Plasta alilowesha bandeji, akazipanga nyuma ya mguu kutoka chini ya goti hadi vidoleni, akauinua unyayo kwa kiganja chake mpaka ukasimama sawasawa, akaushikilia hapo plasta ikiganda. Zilipita dakika tano. Ilikuwa plasta ya kawaida, hakuisugua.

"Iko sawa?" aliuliza.

Wifi alifungua mdomo. Ilionekana wazi neno lililokuwa linakuja, lile lile la siku zote, lilikuwa limeshafika kwenye midomo. Akalimeza. Ikamchukua muda kupata jingine.

"Kisigino," alisema. "Hapa pananiuma."

"Kidogo?"

"Sana."

Mama Plasta alichukua mkasi. Plasta ilikuwa imeshaganda na wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wanamngoja. Aliikata yote, akaitupa kwenye ndoo, akaenda kabatini kuchukua bandeji nyingine kavu.